Mama Amesahihishwa

Asubuhi ile Chiriku alikuwa anapiga pasi sketi ya shule huku mama yake akimsomea kitabu. Sketi ilikuwa na mikunjo ya mbele, ile ambayo ukikosea mmoja yote inaenda upande, kwa hiyo macho yalikuwa kwenye pasi na masikio kwenye simu, aliyoiegemeza kwenye kikopo cha vibanio vya nguo. Ilikuwa Jumamosi. Baba alikuwa bafuni anaimba wimbo ambao haujui vizuri. Mama alikuwa anasoma polepole, anavuta pumzi panapotakiwa, akifika kwenye maneno ya mzee sauti inakwaruza kidogo, akifika kwa mtoto inapanda kidogo.

Mama alikuwa amekufa miezi minane iliyopita. Sauti tu ndiyo ilikuwa haijapewa taarifa.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, kusoma vitabu vya watu ili wengine wavisikilize kwenye simu. Alikuwa anasomea ndani ya kabati la nguo chumbani. Anatoa viatu, anaingiza kigoda, anaingia na kipaza sauti na kompyuta ya kampuni, anajifungia katikati ya makoti. Alisema makoti yanameza mwangwi. Ukirudi nyumbani ukaona viatu vyote vimepangwa kitandani, ujue Mama yuko kazini, usifungue mdomo.

Siku moja Chiriku alirudi mapema, akasahau, akasukuma mlango wa chumbani. Mlango ukalia. Mama, bado yumo kabatini, akasema bila hata kufungua: "Chiriku, umesharudi? Ngoja nimalize ukurasa, nakuja." Kisha akaendelea kusoma.

Maneno hayo yalipaswa kukatwa. Kulikuwa na bwana mmoja kule kwenye kampuni ambaye kazi yake ni kusafisha sauti, kukata kikohozi, kukata tumbo likinguruma. Mama alimwita Masikio, maana alikuwa anasikia mpaka nzi aliyetua dirishani. Lakini hilo lilimpita. Kitabu kikatoka, riwaya ya mwanamke mmoja fundi wa saa, na pale sura ya tisa, dakika ya ishirini na mbili, fundi wa saa anashuka ngazi, anafika kwenye mlango wa tatu, halafu ghafla, "Chiriku, umesharudi?" Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

"Masikio leo alilala!" alisema. "Acha, tusimwambie. Hiyo ni ya kwako."

Jina lenyewe lilikuwa utani. Chiriku ni ndege wa kelele, na huyu mtoto ukimkalisha na wageni anaweza kumaliza saa mbili hajasema neno zaidi ya salamu. Shuleni walimu walimjua kwa mwandiko tu.

Basi tangu Mama aondoke, kila akipata nafasi Chiriku alifungua sura ya tisa. Hakuwa anasikiliza hadithi. Alikuwa anasubiri kuitwa.

Asubuhi ile fundi wa saa akashuka ngazi. Chiriku akainua pasi, akaishika hewani kama kawaida yake, asije akaunguza kitu wakati anaitwa.

"...akafika kwenye mlango wa tatu," akasema Mama. "Akausukuma."

Akaendelea. Kuna chumba, kuna vumbi, kuna saa arobaini ukutani.

Chiriku akarudisha nyuma. Ngazi. Mlango wa tatu. Akausukuma. Akarudisha tena, na tena, mara ya saba mkono ulishaanza kuuma kwa kubeba pasi. Mama alimpita kila mara, vilevile, bila kupunguza mwendo, kama mtu mnayekutana njiani uso kwa uso akajifanya hakuoni.

"Baba!"

Baba alitoka na taulo begani, sabuni bado sikioni. Alikuwa fundi bomba, mtu wa kuamini kwamba kila kitu kilichopotea kimekwama mahali.

"Mama haniiti."

Baba akasimama. "Unasemaje?"

"Sura ya tisa. Hanitaji. Anapita."

Akaichukua simu, akasikiliza mwenyewe. Uso wake ukabadilika, ukarudi. "Labda siyo hapo."

"Ni hapo, Baba. Mimi nitapakosea hapo?"

Baba akashuka chini ya ukurasa wa kitabu, pale ambapo wasikilizaji wanaandika maoni. Alikuwa anatafuta sehemu ya msaada. Kidole kikasimama.

"Hii ni wewe?"

Chiriku alijua kabla hajatazama. Wiki tatu zilizopita, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa ameandika kitu mahali ambapo watu wote wanaona. Aliandika akafuta mara nne kabla ya kutuma. *Sura ya tisa, dakika ya 22, msomaji anamwita Chiriku. Chiriku ni mimi. Yeye ni mama yangu.* Hapo chini walikuwa wamemjibu: *Asante kwa kuturipotia kasoro hii! Tumeisahihisha. Furahia usikilizaji.* Na ua la kuchora.

"Sikuripoti," alisema Chiriku. "Nilikuwa nasema tu."

"Najua."

"Lakini tulinunua. Baba, si ulinunua? Wanaingiaje kwenye kitu chetu wanakata?"

"Nilibonyeza palipoandikwa nunua," Baba alisema. Alikaa kwenye kiti juu ya nguo ambazo hazijapigwa pasi. "Zaidi ya hapo sijui. Nenda kwa Bisibisi. Akishindwa yeye basi."

Bisibisi alikuwa dada mmoja fundi simu, kibanda chake kiko kati ya duka la vioo na ngazi za benki. Alikuwa na bisibisi tatu kwenye nywele saa zote, na ulimi mkali kuliko hizo bisibisi. Chiriku alimweleza kwa sauti ndogo mpaka ikabidi Bisibisi azime feni.

"Rudia. Mama yako amefanywa nini?"

"Amesahihishwa."

Bisibisi hakucheka. Aliichomeka simu kwenye kompyuta yake, akachimba. Alilipata faili la kitabu, akajaribu kulifungua nje ya ile programu. Kibanda kikajaa mlio kama mchanga unamwagwa juu ya bati. Akazima haraka.

"Umesikia? Huyo ndiye mama yako akiwa amefungwa. Ufunguo wanao wao. Kila ukibonyeza kusikiliza, wao wanakufungulia, ukimaliza wanafunga. Na la zamani halipo, limefunikwa na jipya."

"Lakini kiliandikwa nunua."

"Kitufe kiliandikwa nunua, mdogo wangu. Yale masharti kurasa arobaini chini yake yaliandikwa kukodi. Nani anasoma?" Akachomoa waya. Akawa anachokoa uchafu kwenye meza kwa kucha. "Nikuambie kitu, usikasirike. Kufuli hilo aliliomba mama yako."

Chiriku akamtazama.

"Kitabu chake cha kwanza hakikuwa na kufuli. Mimi hapa nilikuwa nawawekea watu. Mtu analeta simu kutengeneza kioo, namwekea na kitabu, zawadi ya duka. Siku moja mama yako yuko saluni, anasikia sauti yake inatoka kwa mwanamke aliye chini ya mashine ya kukausha nywele. Akamuuliza, umenunua wapi? Yule akasema, kununua? Mimi nimewekewa kwa Bisibisi." Alitikisa kichwa. "Alikuja mpaka hapa ulipokaa. Hakupiga kelele. Aliniambia, dada, mwezi mzima nimekaa kwenye kabati na joto lile, wewe unanigawa kama karanga. Nilitamani ardhi ipasuke. Akaenda kuwaambia wale wa kampuni, hamfungi, sisomi."

"Kwa hiyo ni haki?"

"Kunifungia mimi ilikuwa haki kabisa. Mimi nilikuwa mwizi mwenye tabasamu. Sasa wewe..." Hakumalizia. Akaichukua tena simu, kama vile ameona aibu kukaa mikono mitupu. "Hebu niambie. Hakuna simu nyingine yenye hicho kitabu? Ambayo haijaingia mtandaoni hizi wiki?"

Chiriku akasimama ghafla mpaka kigoda kikaanguka.

Ilikuwepo. Ya Bibi.

Bibi, mama yake Mama, alikuwa haoni tena isipokuwa mwanga na kivuli. Alikuwa na simu mbili, ndogo ya vitufe ya kupigia, na kubwa ambayo Mama alimwekea kitabu. Hiyo kubwa haikununuliwa bando la mtandao hata siku moja. Ila ile programu ilikuwa na sharti lake. Kila siku thelathini lazima iguse mtandao kuthibitisha kwamba wewe ni wewe, la sivyo inafunga kitabu. Kazi hiyo alipewa Chiriku. Kila mwezi alikwenda, akaigawia mtandao wa simu yake dakika moja, wakaiita kukipa kitabu pumzi. Mara ya mwisho ilikuwa mwezi uliopita, kabla hajaandika yale maoni.

Siku ya thelathini ilikuwa leo.

"Sikiliza vizuri," Bisibisi alisema, sasa amesimama na yeye. "Ukiigusisha mtandao, inavuta lile lililosahihishwa, umemkosa. Usipoigusisha, muda ukiisha inafunga, umemkosa. Katikati hapo ndipo ulipo. Kurekodi ndani ya simu yenyewe haitakubali, itakupa ukimya. Washa simu yako, rekodi hewani, kama unavyorekodi mtu anaongea. Kimbia!"

Alikimbia. Yeye ambaye hapendi watu wamtazame, alipita katikati ya foleni ya benki akisema samahani, samahani, kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua.

Bibi alikuwa anakaa ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha moja na kitanda kilichotandikwa kikavutwa mpaka hakina hata kunyanzi. Mlango haukufungwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, hedifoni shingoni.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nani anakukimbiza? Unapumua kama pampu ya baba yako."

Chiriku akaichukua simu kubwa. Juu ya picha ya kitabu kulikuwa na mstari mwekundu: *Thibitisha. Zimebaki dakika 28.*

"Bibi, naomba nirekodi kidogo. Sura ya tisa."

"Kunywa maji kwanza."

"Bibi—"

"Maji yapo kwenye jagi. Mtu hafiki kwa mtu anaanza kushika shika vitu. Mama yako nilimfundisha hivyo." Akasubiri mpaka aliposikia glasi imewekwa. "Haya. Baba yako hajambo? Ameziba lile bomba la jirani?"

"Hajambo. Ameziba." Dakika 24.

Spika ya simu ile ilikufa zamani, ilimwagikiwa chai. Ilisikika kwa hedifoni tu. Chiriku akafikiri upesi. Atachukua upande mmoja wa hedifoni, aubane kwenye kipaza sauti cha simu yake. Aliponyoosha mkono, Bibi akashika waya.

"Na mimi nikasikilize wapi?"

"Ni kidogo tu, Bibi."

"Mimi nikose kumsikia mwanangu aliye ndani ya simu yangu? Chukua sikio moja, mimi niachie moja." Akajichomeka upande wa kushoto. "Anzia mwanzo wa sura."

"Ninataka pale katikati tu."

"Mwanzo, nimesema. Mtu akiwa anaongea humrukishi maneno. Mimi sijawahi kumrukisha huyu tangu ameondoka. Namwacha anafika mwenyewe."

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwepo yote: Bibi, muda unaisha, wamemkata, zimebaki dakika ishirini na nne. Lakini akimwambia muda, itabidi amwambie wamemkata. Akimwambia wamemkata, itabidi amwambie nani aliwaonyesha pa kukata. Alimtazama Bibi, kidevu ameshainua kidogo, kama mtu anayesubiri mgeni aingie. Akabonyeza mwanzo.

Wakakaa magoti kwa magoti. Chiriku alikuwa amebana kile kisikio kwenye simu yake kwa vidole viwili, hivyo yeye mwenyewe hakusikia kitu isipokuwa mlio mwembamba, kama wadudu nyuma ya ukuta. Aliyesikia ni Bibi. Uso wake ndio uliokuwa unasoma kitabu. Ulicheka mahali, ukakunjamana mahali. Mstari mwekundu ukasema 15. Ukasema 9. Ghorofa ya juu mtu alikuwa anaburuta kitanda. Ukasema 4. Vidole vya Chiriku viliingia ganzi, akaogopa kuvibadilisha.

Ukasema 1. Bibi akainamisha kichwa upande wa kushoto. Akatabasamu, na kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kumjibu mtu aliye chumba cha pili, akasema:

"Nipo, mwanangu. Nakusubiri hapahapa. Maliza tu taratibu."

Chiriku akaganda.

"Bibi, umesema!"

"Nimesema nini?"

"Umeongea! Hapo alipo... Bibi, naomba usiongee, narudisha, tafadhali usiongee."

"Kwani ananiambia anakuja, nisimjibu?" Bibi alishangaa kweli. "Kila siku namjibu."

Alirudisha nyuma nusu dakika. Vidole vilikuwa vinateleza. Akabana kisikio, akaangalia kioo. Ngazi, lazima sasa yuko kwenye ngazi. Kisha picha ya kitabu ikawa ya kijivu. *Muda umekwisha. Unganisha mtandao ili uendelee kufurahia.*

"Kimya," Bibi alisema. Aligonga hedifoni kwa kidole. "Mbona amenyamaza? Alikuwa anashuka ngazi."

Chiriku aliweka simu yake sikioni, akacheza alichorekodi. Dakika ishirini na mbili za Mama akiwa ndani ya kopo, mbali, lakini ni yeye. Mlango wa tatu. Halafu: "Chiriku, umesha—" na juu yake, kubwa, karibu, kama mtu amesimama mbele ya dirisha, sauti ya Bibi. Nipo, mwanangu. Nakusubiri hapahapa. Maliza tu taratibu. Bibi alipomaliza, Mama alikuwa ameshausukuma mlango.

Akarudia. Chini ya maneno ya Bibi kulikuwa na kitu. Mara kilikuwa pumzi, mara kilikuwa "nakuja". Aliporudia mara ya tatu kilikuwa ni mkwaruzo wa kidole chake mwenyewe.

"Kipe pumzi," Bibi alisema. "Si leo ndiyo siku yake? Kipe, nimalizie sura."

Angeweza kusema simu imeharibika. Bibi angeamini. Angekaa kwenye kile kiti, hedifoni shingoni, na chumba kikanyamaza siku zote zilizobaki. Chiriku akafungua mtandao wake. Akaigawia. Mstari wa bluu ukatembea kuanzia kushoto, bila haraka, ukafika mwisho. *Kitabu chako kimeboreshwa.*

"Tayari, Bibi."

"Anzia pale kwenye ngazi basi. Hapo alishafika mwenyewe, siyo kumrukisha."

Chiriku akabonyeza. Safari hii alichukua sikio la kulia akaliweka kwenye lake, wakasikiliza wote wawili, waya umening'inia kati yao. Fundi wa saa akashuka ngazi. Akafika kwenye mlango wa tatu. Akausukuma.

"Nipo, mwanangu," Bibi alisema. "Nakusubiri hapahapa. Maliza tu taratibu."

Chiriku aligeuka. Alimtazama Bibi. Macho yale meupe yalikuwa yametulia, mdomo umetabasamu vilevile.

"Bibi... amesema nini?"

"Hukusikia? Si upo na sikio?" Bibi akamgusa goti. "Amekuuliza kama umesharudi. Leo amesema kwa upole sana. Na wewe humjibu kamwe, mtoto wewe. Ndiyo maana hamalizi huo ukurasa."

Chiriku alikaa naye mpaka sura ikaisha. Hakujua aogope nini. Njiani kurudi alijikuta anasikiliza hatua zake mwenyewe.

Baba alikuwa amemaliza kupiga pasi zile nguo zote, vibaya. Aliisikiliza ile rekodi mara moja tu, akamrudishia simu, akaenda kusimama mlangoni kwa chumba cha kulala. Alikaa hapo muda mrefu bila kuingia.

"Masikio anaweza kuwa nayo," alisema hatimaye. "Ile ya mwanzo, kabla ya kukatwa. Alipokuja kuchukua kompyuta ya kampuni baada ya mazishi aliniachia namba. Nimpigie?"

"Hapana," alisema Chiriku. "Mimi ndiye niliyesema. Nitamwandikia mimi."

Jumapili mchana kutwa aliandika na kufuta. Alikuwa anaogopa kila neno sasa. Aliandika *tafadhali*, akaogopa watalisahihisha hata hilo. Saa kumi akatuma bila kusoma tena:

*Shikamoo. Mimi ni mtoto wa msomaji wa kitabu cha fundi wa saa. Alikuwa anakuita Masikio lakini kwa mapenzi. Kile mlichokata sura ya tisa hakikuwa kasoro, alikuwa anaongea na mimi. Najua kitabu si chetu, na najua yeye ndiye aliyetaka kifungwe, watu walikuwa wanamgawa. Sitaki kitabu. Nataka zile sekunde tano tu, hizo hazikuwa za kuuza. Sitampa mtu yeyote, isipokuwa Bibi. Kama bado zipo niambie zipo. Kama mlizifuta niambie pia, ili nijue Bibi anaongea na nani.*

Alama moja ikatokea, kisha ya pili. Baada ya dakika kumi zikawa za bluu. Juu, chini ya namba, pakatokea neno *anaandika*. Chiriku akakaa kitako. Neno likapotea. Likarudi, likakaa muda mrefu, muda wa mtu kuandika barua nzima. Likapotea.

Alisubiri mpaka jua likahama kutoka kitandani kwenda ukutani. Jumatatu kengele ya shule ilipogonga, chini ya maneno yake bado hapakuwa na kitu.